Fomu Iliyomzika Mzee Amankwaa

Kumasi, 3 Oktoba 2025

Ndiyo, yuko hai. Nimemwona jana saa nne asubuhi kule kwenye gereji za Suame, amekaa juu ya injini ya lori anakula mayai mawili ya kuchemsha, na alikataa kunipa hata moja. Mtu aliyekufa hana uchoyo wa namna ile. Kwa hiyo mpwa wangu Dufie, futa machozi. Baba yako mzima kabisa, tena ananenepa.

Haya, hujambo? Nimejibu swali kabla ya salamu, mama yako akijua atanifuata na mwiko. Yeye hajambo. Bado anauza waakye yake pale Asafo, wali na maharage vinaisha kabla ya saa tatu, anayechelewa anakula harufu. Mimi biashara inakwenda. Nimeongeza viti vyeupe hamsini na turubai moja kubwa, kwa sababu watu wa Kumasi siku hizi hawakubali kuombolezwa kwenye viti vya rangi mbili. Jumamosi iliyopita nilikuwa na mazishi matatu, na kila familia iliniambia yao ndiyo kubwa. Niliwakubalia wote.

Sasa hilo swali lako. Unasema mwalimu alikushika bega, akakupa pole ya kufiwa na baba, nawe ukabaki umeduwaa na sahani mkononi. Pole sana. Nilisahau kukuambia.

Iko hivi. Ile fomu yenu ya kuomba shule, ukurasa wa tano ulikuwa wa baba. Walitaka jina la mwajiri, karatasi za mshahara za miezi sita na barua ya benki. Shemeji yangu Amankwaa anauza giaboksi kuukuu. Mwajiri wake ni nani? Lori? Karatasi ya mshahara ataijulia wapi? Nikaangalia juu kabisa, kuna kiboksi kidogo: kama baba amefariki, weka alama hapa, nenda ukurasa wa sita. Nikaweka alama. Ukurasa wa sita ulikuwa mfupi. Walitaka tarehe na sababu. Nikaandika "ghafla". Kisha nikasaini kama mlezi, nikafunga bahasha.

Mimi kazi yangu ni mazishi, Dufie. Kumzika mtu kwenye karatasi halikuwa jambo la kuniumiza kichwa. Na umeona, wamekuchukua. Soma. Usimwambie mtu, hasa marehemu.

Mjomba wako,
Badu


Shule ya Viongozi wa Bara, Magaliesberg, Afrika Kusini
31 Oktoba 2025

Mjomba wangu, Wofa Badu,

Nakusalimu wewe na mama na wote wa nyumbani. Mimi mzima. Barua yako imekaa njiani wiki tatu na siku nne, na imefika ikiwa imefunguka pembeni, nadhani kwa aibu.

Hapa tuko mia mbili na wote tutakuwa marais. Shida ni kwamba hakuna anayetaka kuwa mfagiaji, kwa hiyo tumepangiwa zamu. Nalala chumba kimoja na Hanta wa Madagaska, ambaye anaimba usingizini na kukataa mchana. Kila mwanafunzi anapewa kazi ofisini. Mimi niko ofisi ya maombi, napanga mafaili. Kwenye simu ya Jumapili siwezi kusema kitu, tuna dakika kumi tu na mlezi wa bweni anakaa pale pale anafuma sweta. Ndiyo maana siku ile tuliongea habari za mvua.

Sasa nisikilize. Umemuua baba yangu kwa sababu ya karatasi ya mshahara?

Wofa, kumbe ada yangu inalipwa na mfuko wa watoto waliofiwa na baba. Nafasi ni nne tu kwa mwaka. Msimamizi wake ni Bi. Mokgethi, mama mmoja mrefu, hacheki, lakini anakumbuka majina ya ndugu zetu wote. Mwezi wa kwanza anazunguka nchi zetu kutembelea familia za watoto wa mfuko. Kumasi atafika tarehe kumi na saba Januari, na anataka kuweka maua kaburini kwa baba. Aliniuliza baba alipenda maua gani. Nikamwambia baba hakupenda maua. Hilo ndilo neno la kweli pekee nililomwambia mwezi huu.

Nataka kumwambia yote. Lakini nikisema nitarudishwa, na sitaki kurudi. Wiki iliyopita nimeulizwa maoni yangu kuhusu maji ya mto Naili, mto ambao sijawahi kuuona, na mtu mzima akachukua kalamu akaandika nilichosema. Nyumbani nikitoa maoni nasikia "leta maji." Nataka kubaki hapa, Wofa. Nifanye nini?

Dufie


Kumasi, 26 Novemba 2025

Mpwa wangu kiongozi,

Habari za kufagia? Sisi hatujambo. Mama yako alikuwa na kifua lakini kimeondoka. Mbuzi wa jirani amekula kona ya turubai langu jipya, nimemtoza jirani, jirani akasema nimtoze mbuzi.

Usifanye kitu. Usiseme kitu. Mjomba ameshashika usukani.

Umeniletea tatizo ambalo watu wengine lingewaua. Mgeni anakuja Kumasi kuona msiba. Dufie, Kumasi! Angekuja kuona theluji ningehangaika. Tarehe kumi na saba ni Jumamosi. Nitafanya maombolezo ya mwaka mmoja ya baba yako, kwa adabu zote, nguo nyeusi, nguo nyekundu, ngoma, spika mbili. Kaburi tutasema liko kijijini na barabara imekatika. Barabara imekatika kweli, hapo sidanganyi.

Kilichobaki kilikuwa kumwondoa baba yako mjini siku hiyo. Nikaenda Suame. Nikamkuta anasugua gia kwa petroli. Nikamwambia, "Shemeji, mwezi wa kwanza nenda Obuasi kwa mdogo wako ukapumzike."

"Nimechoka nini?"

"Basi nenda tu."

"Badu," akasema, "ukinitaka niondoke mjini kuna kitu. Kiseme au ondoka kwenye spea zangu."

Nikakisema. Nikasema chote, kiboksi, ukurasa wa sita, "ghafla", mgeni, maua. Akaendelea kusugua ile gia hadi ikang'aa. Mimi nikawa naangalia nitakimbilia upande gani. Mwisho akaiweka chini, akafuta mikono.

"Viti vingapi?"

"Nini?"

"Umenizika kwa viti vingapi?"

Nikamwambia mia na ishirini. Mpwa wangu, sijawahi kuona mwanaume amekasirika vile. "Mia na ishirini! Fundi matairi Owusu alizikwa kwa mia mbili na hamsini, na alikuwa hana hata duka! Mimi nimekaa Suame miaka ishirini na sita! Unanizika kama mpita njia!" Majirani wakaja kuamulia. Nikawaambia tunabishana kuhusu bei.

Tumepatana viti mia tatu na bendi ya tarumbeta. Obuasi haendi. Anasema hawezi kugharamia kitu kikubwa namna hiyo halafu asikione. Atakaa nyuma na miwani ya jua, kama mdogo wa marehemu.

Mama yako ndiye ananisumbua. Nilimwomba awe mjane kwa saa nne tu. Akanijibu, "Kaka, mume wangu amekula sahani mbili asubuhi hii. Ukitaka mjane katafute kwako." Nami unajua kwangu sina mke. Lakini usijali. Wewe soma.

Mjomba Badu


Magaliesberg, 12 Desemba 2025

Wofa,

Salamu kwa wote. Mwambie mama sweta imefika na inanitosha. Mtihani wa hesabu nimekuwa wa tatu, wa kwanza ni Hanta, anajibu hata akiwa amelala.

Usiweke hata kiti kimoja. Umenisikia? Hata kimoja.

Nikuambie nilichokiona. Juzi nilikuwa napanga mafaili ya watoto wanaosubiri nafasi ikipatikana. Wa kwanza kwenye orodha ya mfuko wetu ni msichana wa Lesotho, anaitwa Limpho Moshabesha, umri wangu, tumepishana siku tisa. Nikafungua ukurasa wa sita. Wofa, ameujaza wote. Ameandika mgodi, namba ya shimo, saa walipoletewa habari, na chakula kilichokuwa jikoni. Nafasi haikumtosha, akabandika karatasi nyingine kwa gundi. Ya kwetu uliandika neno moja.

Walichukuliwa wanne. Mimi ni wa nne.

Nimefunga faili nikalirudisha. Tangu siku hiyo namsikia Hanta akiimba usiku kucha. Hanta ameniuliza nina nini, nikasema joto. Nitamwambia Bi. Mokgethi kabla hajapanda ndege. Nimeamua. Wakinirudisha nitarudi, lakini nitakuwa nimerudi na miguu yangu. Na baba mwambie anisamehe. Na avue hiyo miwani.

Usiweke kiti, Wofa. Nakusihi.

Dufie


Magaliesberg, 8 Januari 2026
Kwa mkono wa Bi. Mokgethi

Wofa,

Heri ya mwaka mpya. Sijui kama barua yangu ya Desemba imefika, posta walikuwa na sikukuu ndefu. Hii anakuletea mwenyewe.

Nimemwambia. Nilisimama ofisini kwake dakika ishirini kabla sijaweza kuongea, naye aliendelea kuandika, hakuniharakisha. Nilipomaliza akauliza, "Baba yako anajua kwamba amekufa?" Nikasema anajua, na anataka tarumbeta. Akafungua shajara akaangalia tarehe. Akasema, "Tarehe kumi na saba bado ninayo nafasi."

Nikauliza kama nitarudishwa. Akasema hilo ni la Baraza la Wanafunzi, na litakaa akirudi.

Wofa, kama umeweka viti, hapo unaposoma hii ameketi juu ya kimojawapo.

Dufie


Kumasi, 20 Januari 2026

Mpwa wangu,

Hatujambo sote, na marehemu hajambo. Barua yako ya Desemba imefika leo Jumanne. Ile ya mkono niliipata Jumamosi, saa nane mchana, mbele ya watu mia tatu. Ngoja nikusimulie kabla hujasikia kwa wengine, maana kuna video.

Maombolezo yalikuwa mazuri. Hilo nalisema kama fundi. Maturubai sita, picha ya baba yako kubwa kuliko mlango, viti vyote vyeupe. Watu walijaa bila kuuliza wanamlilia nani, unawajua watu wetu, wakisikia tarumbeta wanavaa nyeusi wanakuja, jina watalijua huko huko. Waliomfahamu baba yako nilikuwa nimewaambia ni filamu.

Bi. Mokgethi akafika, nguo nyeusi, kilemba cheusi, akapeana mikono na mstari wote wa mbele kutoka kulia kwenda kushoto kama inavyotakiwa. Nikajisemea, huyu kalelewa. Nikamweka kiti cha mbele. Akala, akasifu supu. Mimi najipongeza kimoyomoyo.

Ukafika wakati wa watu kumsema marehemu. Akasimama Agyei, yule dereva wa teksi, na mimi sikumwalika, alikuwa anapita. Akashika maiki.

"Marehemu aliniuzia giaboksi iliyochomelewa," akasema. "Ikanifia njiani nina abiria wanne na kondoo. Nimekaa na kinyongo mwaka mzima. Lakini leo, mbele yenu, nimemsamehe."

Watu wakapiga makofi. Nyuma kule nikasikia kiti kimeanguka.

"Iliyochomelewa?" Ni baba yako. Miwani imedondoka. "Mimi? Mimi nimekuuzia iliyochomelewa? Lini? Leta risiti!"

Watu mia tatu wakamgeukia, kisha wakaigeukia picha, kisha yeye tena. Bibi mmoja akasali. Bendi ikanyamaza, isipokuwa mpiga ngoma mkubwa ambaye haoni vizuri. Na mtangazaji niliyemkodi, mtu wa kazi kweli, akasema kwenye spika, "Wapendwa, tunaomba utulivu. Marehemu anadai risiti."

Nikamtazama Bi. Mokgethi. Anakunywa soda.

"Huyo ndiye?" akauliza.

"Ndiye."

"Anaonekana mzima."

"Anajitahidi."

Akafungua mkoba akanipa barua yako. Nikaisoma nimesimama. Mpwa wangu, nimewahi kukimbiwa na wateja, nimewahi kuangukiwa na turubai lenye maji, lakini barua ile ilinikalisha chini. Nikamuuliza, "Mama, kama ulijua, kwa nini umekuja?"

"Tiketi ilikuwa imeshakatwa," akasema. "Na sijawahi kuhudhuria maombolezo ya mtu aliye hai."

Kisha akainuka akaenda kwa baba yako na Agyei, ambao walikuwa wameshashikana mashati, akawaachanisha, akampa baba yako yale maua. Baba yako akayapokea. Hakujua ayashike wapi. Wakaongea wawili muda mrefu, upande wa jenereta, sikusikia kitu.

Alipokuwa anaondoka akaniuliza kwa nini nilifanya vile. Nikamweleza ile ya karatasi ya mshahara. Akaniangalia kama mtu anayeangalia noti. "Nimesoma fomu elfu sita," akasema. "Hiyo siyo sababu." Akapanda teksi. Ya Agyei.

Rambirambi zote tumezirudisha. Agyei amepewa giaboksi nyingine. Mama yako haongei nami, ananipakulia tu.

Hiyo ya Desemba nimeisoma mara mbili. Yule mtoto wa Lesotho. Sikujua kuna foleni, Dufie. Nilidhani ni mlango tu.

Badu


Magaliesberg, 13 Februari 2026

Wofa,

Salamu. Video nimeiona. Imefika hadi Madagaska, mama yake Hanta ameicheka hadi akapaliwa. Mwambie mama namkumbuka, na aanze kuongea nawe, adhabu ya wiki nne inatosha.

Baraza limekaa. Ni wanafunzi kumi na mmoja, mwenyekiti ana miaka kumi na saba na anavaa tai hata akienda kuoga. Wameniuliza maswali kwa saa tatu nzima. Waliniuliza nilijua lini. Nikasema Oktoba. Wakauliza kwa nini nimesema Januari. Nikasema kwa sababu nilitaka kubaki.

Wameamua hivi. Nimetoka kwenye mfuko. Nafasi amepewa Limpho, na ameshafika. Nilikwenda kumpokea getini, nikambebea begi. Hajui lolote. Aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikamwambia anauza giaboksi. Akasema, "Una bahati," nikasema ndiyo.

Mimi naweza kubaki kwa ufadhili wa kawaida kama vitu viwili vitafika hapa kabla ya mwisho wa Machi. Cha kwanza, fomu mpya, na ukurasa wa tano aujaze baba kwa mkono wake. Cha pili, barua yako wewe, ueleze kwa nini uliandika ulichoandika. Visipofika vyote viwili, Pasaka narudi nyumbani moja kwa moja.

Na usilete ile ya mshahara. Chini kabisa ya ukurasa wa tano, Wofa, kuna mstari. Unasema: kama baba anajiajiri na hana karatasi hizi, aeleze kazi yake kwa maneno yake. Ningechukuliwa hivyo hivyo, kwa haki. Baraza waliuliza nani anaamini kwamba hukuuona mstari huo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, na mimi sikunyoosha.

Dufie


Kumasi, 9 Machi 2026

Mpwa wangu Dufie,

Salamu nyingi. Mama yako ameanza kuongea nami, neno la kwanza lilikuwa "sogea". Barua hii naituma na mama mmoja anayekuja Johannesburg kununua nywele za kusuka, ameniahidi itakuwa mkononi mwako ndani ya siku tano.

Fomu iko humu. Baba yako amejaza ukurasa wa tano kwa siku nne. Alifunga duka. Hakukubali nimsaidie hata kushika rula. Penye kazi ameandika: nauza giaboksi nzima. Neno "nzima" amelipigia mstari mara tatu. Penye kipato ameandika kitu ambacho mama yako amekisoma kwa mara ya kwanza katika ndoa ya miaka kumi na tisa, na kuna mazungumzo yanaendelea.

Sasa mimi. Nimeianza barua hii mara tano na kila nikisoma nacheka, basi najua bado sijasema kitu.

Mstari wa chini niliuona. Mimi nasoma polepole lakini nafika mwisho. Niliusoma mara mbili.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye mzigo. Hilo unalijua. Ulipopanda paa la shule niliitwa mimi. Ulipoumwa surua nilikaa mimi hospitali. Basi ikaja karatasi kubwa kutoka mbali, yenye muhuri wa rangi ya dhahabu, na kwenye saini inamtaka yule anayekaa juu ya injini. Jina langu mimi liko wapi, Dufie? Liko kwenye risiti za viti. Niliacha darasa la tano, hakuna karatasi ya maana hata moja duniani niliyoiwekea jina langu. Nikaona pale: mlezi, kama baba hayupo. Nilitaka jina langu lipande ndege. Nikamwondoa yeye nikaingia mimi. Ni hivyo tu. Haikuwa ghafla.

Na kuna lingine ambalo hukuniuliza. Ile ada ya miaka yako mitatu ya mwisho hapa Kumasi, ambayo ulinishukuru ukipiga magoti mbele ya watu, alitoa baba yako. Alikuwa ananipa nipeleke mimi kwa kuwa yeye ana mikono ya grisi na anaona haya mbele ya walimu. Nilipeleka yote, sikuchukua kitu. Lakini risiti iliandikwa Badu, na ulipopiga magoti nikakuacha upige. Yeye alikuwa amesimama pale. Alifuta mikono kwenye suruali. Nadhani hilo ndilo alilomweleza Bi. Mokgethi kule kwenye jenereta, au hakumweleza, sijui, sijathubutu kumuuliza.

Huyo ndiye niliyemzika.

Basi tupatane, wewe na mimi, kama watu wa biashara. Barua hii usiikate popote. Mpe Bi. Mokgethi na Baraza lenu jinsi ilivyo, na makosa yake, usiniongezee elimu. Wakikuacha ubaki, mimi naachia kalamu. Ripoti zako, ruhusa zako, hadi siku ya kuolewa, kila penye mstari asaini baba yako, na mimi nitasimama nyuma yake mikono mfukoni. Wakikurudisha, nauza maturubai yote sita, nakutafutia shule nzuri hapa hapa, na hapo nasaini mimi kila karatasi hadi uzeeke. Utaona hapo kwamba mimi napata pale unapokosa wewe. Nimefanya biashara miaka ishirini na hii ndiyo ya kwanza ninayoomba nipate hasara.

Ukikubali, mpelekee leo hii hii. Usisubiri kesho. Najijua, ukikawia nitakutumia nyingine, na humo nitaanza kupunguza niliyoyakiri.

Mjomba wako,
Badu